Siku Tano Kushinagar, Mji Ambao Ananda Hakuutaka

Siku ya kwanza, Jumatatu

Treni ya usiku kutoka Delhi iliingia Gorakhpur saa nne asubuhi, ikiwa imechelewa saa tatu nzima kwa sababu ya ukungu ambao kila Januari hutanda juu ya nyanda za mto Ganga hata dereva asiione taa ya ishara mpaka awe ameifikia. Nilishuka nikiwa nimekufa ganzi kwa baridi, na ikanibidi nitembee kwanza, kwa kuwa jukwaa la stesheni hiyo lina urefu wa mita 1,366. Tangu 2013 lilihesabiwa kuwa refu kuliko yote duniani, hadi mwaka 2023 mji wa Hubballi, kusini mwa nchi, ulipofungua la kwake lenye mita 1,507. Nilifika nje nikiwa nimepata joto, nikauliza basi la Kushinagar, na mtu niliyemuuliza akanionyesha kwa kidevu tu, kama mtu anayeelekeza njia ya kijijini kwao.

Nilikuwa India kwa shughuli ambayo familia nyingi za kwetu zinaifahamu: kaka yangu alikuja kupasuliwa, nami nikaja naye kumuuguza. Alipokwisha kutoka hospitali, na shemeji akiwa amewasili kutoka Tanga, kaka aliniambia kwamba amechoka kutazamwa usingizini na kwamba mwalimu wa historia aliyestaafu hana sababu ya kukaa Delhi akihesabu vidonge vya mtu mwingine. Nilimwambia kuna mji mdogo ambao nimeusoma kwa miaka mingi bila kuuona. Akasema, basi nenda, ukirudi utanisimulia.

Kushinagar iko kilomita 53 mashariki ya Gorakhpur, katika jimbo la Uttar Pradesh. Njia nzima ni tambarare, na kwa msimu huu mashamba huwa ya rangi mbili: manjano ya haradali iliyochanua na kijani kilichofifia cha miwa. Miwa ndiyo bwana wa eneo hili. Matrekta yaliyokokota matela yaliyojazwa miwa mpaka kuvuka kingo yalikuwa yakituzuia mara kwa mara, na kondakta alikuwa akitoa kichwa dirishani kuwakemea madereva wake kwa Kibhojpuri, lugha ambayo Kihindi changu cha sinema hakikufua dafu mbele yake.

Alasiri nilipata chumba katika nyumba ya wageni, nikatoka kuutazama mji kabla ya giza. Kwa kweli ni barabara moja. Kandokando yake yamesimama mahekalu ya mataifa, kila moja na paa la kwao: la Wathai lenye ncha zilizopinda, la Waburma lenye dhahabu, la Watibeti, la Wachina, na moja lililojengwa kwa ushirikiano wa Wajapani na Wasri Lanka. Katikati yake kuna maduka ya tasbihi, vibanda vya chai na mafundi baiskeli. Mji huu una uwanja wa ndege wa kimataifa, uliofunguliwa tarehe 20 Oktoba 2021 kwa ndege iliyotoka Colombo, lakini jioni hiyo kitu chenye mwendo kuliko vyote barabarani kilikuwa bajaji ya umeme iliyobeba magunia ya viazi.

Udogo huu ndio ulionivuta. Masimulizi ya siku za mwisho za Buddha yamo katika Mahaparinibbana Sutta, andiko refu la lugha ya Kipali, na ndani yake mna jambo ambalo waandishi wa sifa tupu wasingelihifadhi. Buddha alikuwa na miaka 80, mgonjwa, amelala kati ya miti miwili ya aina iitwayo sal nje ya mji uliokuwa wa watu walioitwa Wamalla. Ananda, binamu yake aliyemhudumia kwa miaka 25, alimsihi asifie hapo. Aliuita kijimji cha kuta za udongo, kijimji cha porini, kitongoji tu, kisha akataja miji sita iliyostahili tukio kubwa kama hilo: Champa, Rajagaha, Savatthi, Saketa, Kosambi na Varanasi, miji yenye matajiri ambao wangemfanyia mazishi ya heshima. Kila aliyewahi kuuguza anamwelewa Ananda. Hakuna ndugu anayetaka mtu wake afie ugenini, tena mahali pasipo na watu.

Siku ya pili, Jumanne

Niliamka na baridi ileile, nikanywa chai ya tangawizi katika kikombe cha udongo ambacho ukimaliza unakitupa, kisha nikaelekea hekaluni kabla mabasi hayajafika. Jengo lenyewe ni jeupe, lenye paa la mviringo kama pipa lililokatwa kwa urefu, na lilijengwa na serikali ya India mwaka 1956, Wabuddha walipoadhimisha miaka 2,500 tangu kufariki kwa Buddha. Nyuma yake, juu ya jukwaa hilohilo, imesimama stupa kuu, yaani kilima cha kujengwa cha kuhifadhia masalia. Watu wengi hupiga picha nje kwa muda mrefu kuliko wanavyokaa ndani, jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoingia, kwa sababu ndani kuna kitu kimoja tu.

Ni sanamu ya mtu aliyelala. Ina urefu wa mita 6.1, imechongwa kwa jiwe la mchanga, na leo imefunikwa kwa tabaka la dhahabu. Amelala kwa ubavu wa kulia, mkono wa kulia chini ya shavu, kichwa kaskazini, uso magharibi. Chini, kwenye jukwaa la sanamu, vimechongwa vijitu vitatu vya waombolezaji, vidogo mno ukivilinganisha na anayeliliwa. Chumba ni chembamba, hivyo mtu hana namna ya kusimama mbali; unamzunguka ukiwa karibu naye, kama unavyozunguka kitanda cha mgonjwa.

Kundi la mahujaji kutoka Sri Lanka liliingia, wote wamevaa nyeupe, wakiwa wameshika ncha za kitambaa kirefu cha rangi ya dhahabu. Walikipitisha mkono kwa mkono juu ya vichwa vyao, wakamfunika kuanzia miguuni hadi shingoni, wakakinyoosha mikunjo kwa viganja. Mama mmoja mzee alirudi peke yake kukivuta kidogo mabegani. Nimefanya tendo hilo mara nyingi katika miezi hii miwili, usiku, kwa shuka la hospitali, na sikutegemea kulikuta hapa likifanywa kwa jiwe. Baada ya robo saa wahudumu walikiondoa kwa adabu, wakakikunja, na kundi jingine likaingia na kitambaa chake.

Kiongozi wa kundi alieleza kwamba uso huo hubadilika: ukisimama mahali pamoja unatabasamu, pengine una maumivu, pengine umetulia. Nilijaribu mahali pote patatu, nikaona uso mmoja mara tatu. Huenda ni macho yangu.

Kilichonishangaza zaidi ni mlalo wenyewe. Sisi Waislamu humlaza maiti kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kutoka hapa kibla kiko magharibi, kwa hiyo Mwislamu akizikwa Kushinagar kichwa chake kitaangukia kaskazini na uso wake utatazama upande uleule anaotazama huyu. Ni jiografia tu iliyowakutanisha, wala siifanyi hoja ya dini. Kwetu Tanga, ambako kibla ni kaskazini, kichwa huwa mashariki. Hata hivyo nilisimama pale kwa muda mrefu nikilifikiria jambo hilo.

Mchana niliutumia katika magofu yanayolizunguka hekalu, misingi ya matofali mekundu ya nyumba za watawa zilizojengwa moja juu ya nyingine kwa karne nyingi. Historia ya kupotea na kupatikana kwa mahali hapa inastahili kuelezwa kwa utulivu. Msafiri Mchina Faxian, aliyepita mwanzoni mwa karne ya 5, aliwakuta wakazi wachache. Mchina mwingine, Xuanzang, alipofika katika karne ya 7 aliona kuta za mji zimebomoka na watu wametoweka, lakini alikuta jengo la matofali lenye sanamu ya Buddha aliyelala kichwa kaskazini. Baadaye hata jengo hilo lilifukiwa, msitu ukaota juu yake, na jina likasahauliwa. Watu walijua tu kwamba karibu na mji wa Kasia kuna vilima vya matofali. Mwaka 1861 mwanaakiolojia Mwingereza Alexander Cunningham alisema kwamba vilima hivyo ndivyo Kushinagar, na mwaka 1876 msaidizi wake, Carlleyle, alichimba akaifikia sanamu. Ilikuwa imevunjikavunjika, naye akaiunganisha kipande kwa kipande.

Bado wapo wataalamu walioshuku. Jibu lilikuja kati ya 1910 na 1912, Hirananda Shastri alipoichimba stupa kuu na kukuta chombo cha shaba, sarafu za mfalme Kumaragupta wa karne ya 5, na bamba la shaba lenye maandishi yanayosema kwamba limewekwa katika kaburi la heshima la Parinirvana, yaani kufariki kwa Buddha, na mtu aitwaye Haribala. Haribala huyohuyo ametajwa katika maandishi ya sanamu kuwa ndiye aliyeitoa sadaka, na fundi aliyeichonga ametajwa kwa jina la Dina, mtu wa Mathura. Napenda kwamba fundi hakusahauliwa. Ni watu wawili tu wa karne ya 5 ninaowajua kwa majina katika mji huu, na mmoja wao alikuwa na patasi mkononi.

Siku ya tatu, Jumatano

Kutoka hekaluni hadi Ramabhar, mahali ambapo mwili ulichomwa, ni mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, na niliutembea katika ukungu uliokuwa mzito hata nikaisikia stupa kabla ya kuiona: watawa wa Kithai walikuwa wakiizunguka wakisoma kwa sauti moja. Ni kilima cha matofali chenye kimo cha karibu mita 15, kikubwa na kizito, kisicho na nakshi yoyote. Karibu yake unapita mto Hiranyavati, ambao katika andiko ndio mto wa mwisho aliouvuka Buddha. Leo ni kijito ambacho mtoto wa darasa la nne angekivuka kwa kuruka mara mbili.

Wamalla waliuheshimu mwili kwa siku sita kwa muziki, ngoma, mashada na manukato. Siku ya saba waliupitisha katikati ya mji wao na kutoka nao kwa lango la mashariki hadi mahali hapa, palipoitwa Makutabandhana. Waliufunga kwa nguo mpya na pamba iliyochambuliwa, tabaka juu ya tabaka, nguo pamba, nguo pamba, na wanasema moto ulikataa kuwaka mpaka alipofika Mahakassapa, mwanafunzi mkubwa aliyekuwa bado njiani. Kisha likazuka jambo ambalo Ananda hakulitazamia. Wafalme na koo za miji mikubwa walituma wajumbe kudai masalia, akiwemo Ajatasattu wa Magadha, mwenye jeshi ambalo lingeweza kukifuta kijimji hiki kabla ya adhuhuri, na Wamalla wakajibu kwamba Buddha amefia katika ardhi yao na hawatatoa hata kipande. Ilimlazimu Brahmani mmoja, mtu wa tabaka la makuhani aitwaye Dona, asimame awakumbushe kwamba si vyema kupiganiana mifupa ya mtu aliyefundisha uvumilivu. Akagawa mafungu nane, mwenyewe akabaki na chombo cha kugawia, na ukoo wa Moriya waliochelewa wakapewa majivu.

Nimesoma maelezo mengi yanayokiona kisa hiki kuwa aibu kwa wafuasi. Mimi nilipokuwa nimesimama pale nilikuwa upande wa Wamalla. Watu waliodharauliwa kwa kuta zao za udongo walipokea mgeni mahututi, wakamlilia, wakagharimia siku saba za mazishi, halafu wenye ngome wakaja kudai.

Wakati wa kurudi nilipita Matha Kuar, penye sanamu ya Buddha aliyeketi, yenye kimo cha mita tatu na ushei, iliyochongwa katika jiwe moja jeusi la samawati karne tano hivi baada ya ile ya hekaluni. Mlango ulikuwa umefungwa, nikaitazama kupitia nondo.

Jioni nilikaa katika hekalu la Waburma na mtawa mzee aliyekuwa akiota jua la mwisho. Aliniambia, kwa Kiingereza cha taratibu, kwamba bila mtawa wa kwao, U Chandramani, hapa pangekuwa jumba la makumbusho tu. Chandramani alizaliwa Arakan, huko Burma, akafika India akiwa kijana, na aliishi Kushinagar hadi kifo chake mwaka 1972, akipigania mahujaji waruhusiwe kuabudu mahali ambapo wataalamu walitaka kuchimba. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, ni yeye aliyemsomesha B. R. Ambedkar, mwanasheria na mtetezi wa waliobaguliwa, kiapo cha kuingia katika Ubuddha, na siku hiyo watu laki kadhaa, wengi wao wa tabaka lililobaguliwa kuliko yote, walimfuata Ambedkar. Katika vibanda vya barabarani picha ya Ambedkar, mwenye suti ya buluu na miwani, inauzwa pamoja na picha za Buddha, na nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mahujaji wa kigeni hununua ya Buddha, na familia za Kihindi zinazoshuka kwenye malori na matrekta hununua zote mbili.

Siku ya nne, Alhamisi

Leo nilikwenda Fazilnagar, kama kilomita 20 kusini-mashariki kwa barabara kuu, ambako wengi wanaamini ndiko ilikokuwa Pava. Wapo wanaosema Pava ni Padrauna, na wenyeji wa kila upande wana hakika. Kwenye kilima kilichoota nyasi mbuzi walikuwa wakila, na mvulana anayewachunga alitaka kujua Afrika kuna miwa au hakuna. Nilimjibu kuwa ipo, na kwamba sisi pia tunaitafuna barabarani tukitema makapi, akaridhika.

Ni huko Pava ambako mhunzi Cunda alimwandalia Buddha chakula cha mwisho. Chakula hicho kinaitwa sukaramaddava, na wasomi wamebishana kwa karne nyingi kama ni nyama laini ya nguruwe au uyoga ambao nguruwe huupenda. Andiko linasema mgeni aliagiza apewe yeye peke yake, kilichobaki kifukiwe, na baada ya kula akashikwa na tumbo la damu. Hata hivyo aliondoka kwa miguu kwenda Kusinara, jina la Kushinagar kwa Kipali. Ufafanuzi ulioandikwa baadaye unasema kwamba katika njia hiyo fupi aliketi kupumzika mara 25.

Idadi hiyo ndiyo iliyonifanya nishuke kwenye basi kabla ya kufika. Nilitembea kilomita sita za mwisho kwenye njia ya vumbi inayofuata mashamba, na mimi, mtu mzima mwenye afya, niliketi mara mbili. Karibu na mfereji mmoja trekta mbili za miwa zilikuwa zimevuka muda huohuo, na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Katika andiko pana tukio kama hilo: Buddha aliomba maji, Ananda akasema mikokoteni mia tano imetoka kuvuka sasa hivi na maji yamevurugika, tusubiri mto ulio mbele. Akaombwa mara ya pili, akajibu hivyohivyo. Mara ya tatu akaenda, akayakuta maji yametakata. Wafafanuzi hutazama muujiza. Mimi niliona mgonjwa mwenye kiu na ndugu anayemnyima kwa kumpenda, na nikakumbuka usiku wa kwanza baada ya upasuaji, kaka akiomba maji nami nikimwambia daktari amekataza, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikamlowanisha midomo kwa pamba.

Njiani huko ndiko Buddha alikoacha wosia kuhusu Cunda. Alijua maneno ya watu. Kwetu pia, mtu akila kwa jirani jioni akafa alfajiri, jirani huyo hatapata amani mpaka ahame. Alimwagiza Ananda amwambie mhunzi kwamba kuna vyakula viwili vyenye thawabu kuliko vyote, kile alichokula kabla ya kuangazwa na hiki alichokula kabla ya kufa, na kwamba asijilaumu. Haya yalisemwa na mtu aliyekuwa na saa chache za kuishi, na tumbo linamsokota.

Nilifika chumbani jioni, miguu imevimba. Nilisoma tena jibu alilopewa Ananda kuhusu mji mdogo. Buddha alimkataza kuuita hivyo, akamwambia kwamba zamani mahali hapa palikuwa Kusavati, mji wa mfalme Mahasudassana, wenye urefu wa yojana 12, kipimo cha masafa cha kale cha Kihindi, na upana wa yojana 7, ambamo sauti kumi hazikukoma usiku wala mchana: za tembo, farasi, magari ya vita, ngoma na nyinginezo, na ya kumi ni ya watu wakikaribishana kula na kunywa. Nilifungua dirisha nikasikiliza. Honi, jenereta, kengele ya hekalu la Watibeti, mbwa wawili, kipaza sauti cha harusi mahali fulani ng'ambo ya mashamba, na muuza chai chini ya dirisha akiniita kwa mkono, kaka, njoo, bado kimoja.

Siku ya tano, Ijumaa

Ukungu ulinyanyuka mapema. Nilirudi hekaluni kwa dakika kumi, nikakuta mfagiaji peke yake akifagia kuuzunguka mlalo ule, kisha nikapata basi la saa tatu. Kando ya barabara, kwenye karakana ya wazi, watu walikuwa wakichemsha maji ya miwa katika makarai mapana, nikanunua sukari guru kilo mbili, bado ina uvuguvugu, imefungwa katika gazeti la Kihindi.

Kaka alipiga simu nikiwa katikati ya jukwaa la Gorakhpur, nikitafuta behewa langu. Aliuliza huo mji ukoje, nikamwambia ni barabara moja na mahekalu. Akauliza nimemletea nini. Nilipomwambia, alinyamaza, kisha nikasikia akimnong'oneza shemeji amuulize daktari kama guru inahesabiwa kuwa sukari.